Seli ya jicho inajuaje kwamba yenyewe ni jicho?

Swali lenyewe lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Niko mwaka wa kwanza, nasoma bayolojia. Tumefundishwa karibu kila seli ya mwili ina DNA ileile. Sasa seli ya jicho inajuaje kwamba yenyewe ni jicho na sio kongosho? Nani anaziambia jeni ziwake au zizime? Nimekutana na promota, opereta, enhansa, ripresa, aktiveta, vyote vimenichanganya. Halafu jeni ikishazimwa inabaki imezimwa milele? Na kuna jamaa anatuambia ukibadilisha mawazo yako unaziamuru jeni zako, ni kweli au anatupanga?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na neno moja tu kwenye swali lako, hilo "nani". Hilo ndo linakuchanganya, na usijione mjinga, limewachanganya wakubwa pia. Ukiuliza nani anaamua utaanza kutafuta bosi, utamkuta, ni protini fulani, halafu utauliza na huyo bosi katumwa na nani, utakuta protini nyingine nyuma yake, na hivyo hivyo mpaka uchoke ufunge daftari. Hamna bosi. Kuna mahali kwenye DNA, na kuna protini zinazozurura ndani ya seli zikifika mahali hapo zinanasa au hazinasi. Mengine yote ni maelezo juu ya hilo.

Halafu tuelewane kwenye lugha, naandika jeni, sio jini, maana kuna siku niliandikiwa ujumbe na mtu anataka nimsaidie kutoa jini na mi nikamjibu kwa upole wote kuhusu kromosomu.

Sasa vipimo kidogo upate picha. DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha inafika kama mita 2, ni herufi, yaani vijenzi vidogo vilivyopangwa mstari kwenye DNA, bilioni 3 mara mbili, seti ya mama na seti ya baba. Jeni za kutengeneza protini ni kama 20,000 tu, na herufi zinazoandika hizo protini hazifiki hata asilimia 2 ya zote. Jeni ikitumika maana yake mashine inaitwa polimerasi imetua mwanzoni mwake, imefunua nyuzi mbili za DNA, inatembea huku inatoa kopi ya RNA, molekuli inayofanana na DNA. Hiyo kopi ndo inaenda kusomwa kutengeneza protini. Kwa hiyo tukisema "kudhibiti jeni" mara nyingi tunamaanisha kitu kidogo sana: polimerasi itue au isitue, itue mara ngapi, na ikishatua iondoke au isimame.

Tuanze na bakteria, maana huko ndiko mambo yalionekana kwanza, na mwalimu anayekurusha moja kwa moja kwenye binadamu anakuonea tu. Mwaka 1941 Jacques Monod, Paris, alikuwa kwenye tasnifu yake ya udaktari anapima bakteria wanavyokua. Ukiwapa sukari mbili kwa pamoja, mfano glukosi na laktosi, wanakua haraka, ghafla wanasimama, kimya, halafu baada ya muda wanaanza kukua upya. Kumbe wanamaliza glukosi kwanza, na ile kimya ndo muda wa kutengeneza vimeng'enya, yaani protini za kuchakata, vya sukari ya pili. Vimeng'enya ambavyo uwezo wa kuvitengeneza walikuwa nao siku zote, ila hawakuvitengeneza.

Mi mwenyewe hii ilinitia aibu nikiwa mwanafunzi wa uzamili. Nilipewa kazi rahisi kabisa, kuza E. coli, bakteria wa utumboni, kwenye chakula chenye laktosi, toboa kuta zao, weka kemikali isiyo na rangi inaitwa ONPG, na kama kile kimeng'enya cha kukata laktosi kipo, kinaitwa beta-galaktosidasi, basi mrija unageuka njano na unausoma kwenye mashine kwa mwanga wa nanomita 420. Mirija ya wenzangu njano kama mkojo wa asubuhi. Yangu maji. Nikarudia, maji. Nikarudia tena, maji, nikaanza kusema bakteria niliopewa wabovu. Mzee aliyekuwa anatusimamia akaja, hakugusa mirija hata mmoja, akachukua chupa yangu ya chakula cha bakteria akaniuliza, humu umetia sukari gani? Nilikuwa nimeokota chupa ya jirani yangu, imejaa glukosi. Laktosi ilikuwemo tele ila bakteria wangu hawakuwa na haja nayo, na sikuwa na la kujibu, nikaenda kuosha vyombo.

Twende sasa ndani ya huyo bakteria tuone kilichotokea. Jeni tatu za kushughulikia laktosi zimejipanga foleni moja, na mbele yao kuna promota, yaani kipande cha DNA ambapo polimerasi inatua. Hapo hapo, wamebanana kabisa, kuna kipande kingine kifupi kinaitwa opereta. Na kuna protini inaitwa ripresa, seli nzima inazo kama kumi tu, ambayo umbo lake linaingiana na herufi za opereta. Ripresa ikikaa pale, polimerasi haipati nafasi ya kufanya kazi. Laktosi ikiingia, kidogo yake inageuzwa kuwa alolaktosi, hiyo inajichomeka kwenye ripresa, ripresa inabadilika umbo kidogo tu, mshiko unalegea, inaachia. Njia nyeupe.

Lakini haitoshi, na hapa ndipo mrija wangu ulipokwama. Promota ya laktosi ni dhaifu, polimerasi ikitua yenyewe inateleza. Inahitaji protini nyingine ya kuishikilia, aktiveta inaitwa CRP, na CRP haikai kwenye DNA mpaka ishikwe na molekuli ndogo inaitwa cAMP, ambayo inapanda pale glukosi inapoadimika. Juu ya hapo, glukosi ikiwepo inabana hata mlango ambao laktosi inaingilia. Kwa hiyo ili jeni hizi ziende kwa kasi, mambo mawili lazima yawe kweli kwa wakati mmoja, laktosi ipo na glukosi haipo. Tofauti kati ya hali ya kuzima na ya kuwaka kamili ni kama mara 1,000. Na hebu angalia vizuri, hakuna aliyeamua. Molekuli ziligongana, baadhi zikanasa.

Kuna mwanafunzi mmoja mjanja aliwahi kunibana hapa, na kama we bado hujajiuliza basi jiulize sasa: alolaktosi inatengenezwa na beta-galaktosidasi, na laktosi inaingia kupitia mlango ambao nao ni protini ya foleni ileile. Sasa kama jeni zimezimwa, mlango wa kwanza ulitoka wapi? Jibu ni kwamba kuzimwa hakujawahi kuwa kuzimwa kabisa. Ripresa inashika, inaachia, inashika tena, na katika hizo sekunde za kuachia polimerasi moja inachomoka inanakili. Kwa hiyo daima kuna milango michache na vimeng'enya vichache vinavuja, na huo uvujaji ndo unawezesha bakteria kuonja kama laktosi ipo. Mimi naona vitabu vingi vinaukwepa huu uvujaji kama kasoro ya kuonea haya, wakati mfumo mzima ungekufa bila huo.

Sasa majina yanayokuchanganya. Yanajitenga yenyewe ukifuata hoja ya François Jacob na Monod ya mwaka 1961, na naomba uisome polepole kwa sababu kwangu ni kati ya hoja tamu kuliko zote kwenye bayolojia. Walikuwa na bakteria walioharibika, wanatengeneza vimeng'enya vya laktosi muda wote hata kama laktosi haipo. Waliharibika kwa namna mbili tofauti, kwa nje huwezi kuzitofautisha. Wakafanya hivi: wakamwongezea bakteria kipande cha pili cha DNA chenye kopi nzima ya sehemu ile ile. Aina ya kwanza ya wagonjwa walipona papo hapo, foleni zote mbili zikatulia. Aina ya pili hawakupona, ile foleni iliyoungana na kipande kibovu iliendelea kupiga kelele kana kwamba kopi nzima haipo. Maana yake nini? Kwa aina ya kwanza kilichoharibika ni kitu kinachosafiri, kwa hiyo ukiweka jeni nzima popote pale kitu chake kitaelea kitafika. Kwa aina ya pili kilichoharibika ni mahali, na mahali hapasafiri, nyumba yako ikikosa mlango, mlango wa jirani haukusaidii. Cha kwanza ripresa, cha pili opereta.

Kwa hiyo ukikutana na jina jipya, uliza hilo tu, linasafiri au limekaa? Promota, opereta, enhansa, vimekaa, ni herufi za DNA. Ripresa, aktiveta, polimerasi, zinasafiri, ni protini. Ukifanya hivyo maswali ya mtihani ya "chora bakteria mwenye kopi mbili" yanakuwa mteremko.

Nobeli wakapewa 1965 pamoja na André Lwoff, na ripresa yenyewe walikuwa hata hawajaiona! Walidhani huenda ni RNA, na hapo walikosea, Walter Gilbert na Benno Müller-Hill ndo waliikamata 1966 wakaonyesha ni protini. Jacob alisimulia kwamba lile wazo la kwamba kitu kinakaa moja kwa moja kwenye DNA na kuizuia lilimjia 1958 akiwa amekaa sinema na mkewe, filamu wala haifuatilii.

Haya, tuje kwetu. Seli zetu zina tatizo ambalo bakteria hana, ile mita 2 inatakiwa iingie kwenye kiini cha seli chenye upana wa sehemu chache tu kati ya elfu moja za milimita. Kwa hiyo DNA inazungushwa kwenye protini zinaitwa histoni, herufi kama 147 zinazunguka fundo la histoni nane, fundo linafuata fundo, halafu mafundo yanakunjana tena. Na hii inageuza mchezo. Kwa bakteria jeni iko wazi mpaka izuiwe, kwetu jeni kwa kawaida imefunikwa mpaka ifunuliwe. Kuna protini chache zenye uwezo wa kushika herufi zao hata kama zimezungushwa kwenye fundo, hizo zinatangulia, zinaita vimeng'enya vinavyobandika vitu vidogo kwenye mikia ya histoni. Mkia wa histoni una chaji chanya, DNA ina chaji hasi, ndo maana vinashikana, ukibandika asetili, mojawapo ya hivyo vitu vidogo, kwenye mkia chaji inapungua, mshiko unalegea. Mtafiti Vincent Allfrey alilisema hili tangu 1964 na ilichukua zaidi ya miaka 30, mpaka 1996, kimeng'enya cha kubandika kikakamatwa na kukutwa ni ndugu wa protini ambayo watafiti wa hamira walishaijua kama ya kuwashia jeni. Hapo ndo mabishano yakaisha.

Polimerasi zetu ni tatu, Robert Roeder alizitenganisha akiwa bado mwanafunzi, wakachapisha 1969, na inayonakili jeni za protini ni ya pili. Peke yake haijui promota iko wapi, inasaidiwa na kundi la protini zinazotangulia kukaa, mojawapo inaikunja DNA kama unavyokunja waya. Sikupeleki ndani zaidi huko maana ni majina matupu ya kukariri. Nikupe moja tu la kukumbukwa: rifampisini, ile dawa ya TB inayofanya mkojo uwe rangi ya chungwa, inafanya kazi kwa kuziba polimerasi ya bakteria na haigusi ya kwetu. Na kuna uyoga fulani sumu yake inafanya kinyume, inabana polimerasi yetu ya pili, ini linashindwa kutoa kopi mpya, na mtu anakufa siku kadhaa baadaye akiwa alishajiona amepona.

Enhansa ndo sehemu ninayoipenda. Ni kipande cha DNA, kimekaa, kinanasa aktiveta kadhaa kwa pamoja, na kinaisukuma promota ifanye kazi. Cha ajabu ni umbali. Mwaka 1981 kundi la Walter Schaffner kule Zürich lilichukua kipande kidogo kutoka kwenye kirusi SV40, wakakiweka karibu na jeni ya globini, protini ya damu, ya sungura, ikapanda zaidi ya mara 100. Wakakigeuza kichwa chini, bado. Wakakisogeza mbali, bado. Kinafanyaje kazi kwa mbali? DNA sio reli iliyonyooka, inakunjana, kwa hiyo kitu kilicho mbali kwenye mstari kinaweza kuwa jirani kwenye chumba, na kuna protini kubwa zinazosimama katikati kama daraja.

Mfano wa karibu uone kwa macho. Kuna jeni inaitwa Sonic hedgehog inayohusika kupanga vidole kwenye mkono wa mtoto unaoota akiwa tumboni mwa mama. Enhansa yake ya mkono na mguu iko umbali wa herufi kama milioni 1, tena imejificha katikati ya jeni nyingine kabisa isiyohusika. Badilisha herufi moja tu kwenye hiyo enhansa, moja, na mtoto anaweza kuzaliwa na kidole cha ziada upande wa gumba. Protini ya Sonic hedgehog nzima, haina doa, ila imetokea mahali kwenye kiganja ambapo haikutakiwa kutokea. Nyoka nao, enhansa hii kwao imeharibika. Mwaka 2016 watafiti waliitoa ya panya wakaweka ya nyoka pale pale, wale panya walizaliwa na vigutu badala ya miguu. Jeni ni zilezile, wamegusa mahali tu.

Ndo tumefika kwenye jicho na kongosho. Chukua insulini. Jeni yake iko kwenye seli ya jicho lako pia, nzima. Ila sehemu ya kuidhibiti ina vituo vya kushika protini kama PDX1, MAFA na NEUROD1, na ukiwa na moja tu peke yake haifiki mbali, zinapokaa pamoja ndo jeni inanguruma. Seli za beta za kongosho ndo zenye mchanganyiko huo. Seli ya jicho haina mchanganyiko huo, ndo mwisho wa habari, haijui chochote. Binadamu ana protini za namna hii, za kukaa kwenye DNA na kudhibiti, kama 1,600, na mchanganyiko wa chache kati ya hizo ndo kitambulisho cha seli. Na sio maneno tu, mwaka 2008 maabara ya Douglas Melton iliingiza jeni tatu za aina hii kwenye kongosho la panya mkubwa aliye hai, na seli ambazo kazi yao ilikuwa kutoa vimeng'enya vya kusagia chakula zikaanza kutoa insulini.

Kwa jicho ni kali zaidi. 1995, maabara ya Walter Gehring kule Basel, waliiwasha jeni moja ya aina hii kwenye sehemu za nzi ambako haikupaswa kuwaka, nzi wakaota macho kwenye miguu, kwenye mabawa, kwenye antena za kichwani. Wakachukua jeni inayolingana nayo kutoka kwa panya wakaiweka kwa nzi, macho yakaota tena. Swali la kujipima: yalikuwa macho ya panya au ya nzi? Ya nzi. Ile protini haibebi ramani ya jicho, inafika tu kwenye vituo vyake, na vituo ni vya nzi, vinaendesha jeni za nzi. Ukiielewa hiyo umeelewa kwa nini nakwambia hamna bosi.

Najua utasema, sawa dokta, lakini PDX1 nayo ni protini, nani aliiwasha? Protini zilizokuwepo kwenye seli iliyogawanyika ikazaa hii. Na hizo? Za kabla yake. Tukirudi nyuma mpaka mwisho tunafika kwenye yai, na yai halikuwa tupu, mama ameshaweka vitu humo. Kwa nzi tunaona wazi kabisa: mama anaweka RNA ya protini inaitwa Bicoid upande mmoja tu wa yai, protini ikitengenezwa inasambaa, nyingi kichwani inapungua kuelekea mkiani, na jeni tofauti zinawaka kwa viwango tofauti vya hiyo Bicoid. Christiane Nüsslein-Volhard na mwenzake walionyesha hivyo 1988. Kwa hiyo mbele na nyuma ya nzi vilianza kama chumvi iliyomwagwa upande mmoja wa sufuria. Kwetu sisi mamalia mama hachori mstari namna hiyo, inategemea zaidi seli iko nje au ndani ya kifurushi cha seli za mwanzo na jirani zake wanaipelekea ishara gani, lakini mnyororo ni uleule, hali ya jana inazaa hali ya leo.

Kitu kimoja cha kukurekebisha kabla sijaendelea, haya maneno ya kuwasha na kuzima nimeyatumia mwenyewe hapa juu mara kibao lakini yanadanganya. Siku hizi tunaweza kuangalia jeni moja kwenye seli hai kwa darubini, na unachokiona sio taa. Ni kama mvua ya manyunyu, kimya, kimya, ghafla kopi kadhaa zinatoka mfululizo, kimya tena, na aktiveta zenyewe nyingi zinakaa kwenye DNA sekunde tu zinaondoka. "Kuwasha" kwa kweli ni kufanya hayo manyunyu yaje mara nyingi zaidi au yawe mazito zaidi. Kuna jeni nyingine polimerasi inaanza vizuri tu, ikifika herufi 20 mpaka 60 inasimama, inasubiri injini ikiwa inaunguruma. Jeni za kujikinga na joto za nzi ziko hivyo, joto likipanda zinaachiwa mara moja.

Na usidhani hii ni bayolojia ya darasani tu. Ugonjwa wa selimundu unatokana na herufi moja mbovu kwenye jeni ya beta-globini. Lakini kila mtu alipokuwa tumboni alitumia globini nyingine, gama, nzima kabisa, ambayo baada ya kuzaliwa inanyamazishwa na ripresa inaitwa BCL11A. Sasa kwa nini usiiondoe BCL11A mgonjwa arudie hemoglobini ya tumboni? Shida ni kwamba BCL11A inatumika kwenye seli nyingine pia, huwezi kuifuta tu. Dawa iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, inachukua seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe na kwa CRISPR, mkasi wa kukata DNA mahali unapotaka, inakata enhansa ya BCL11A, ile enhansa inayofanya kazi kwenye ukoo wa seli nyekundu tu. Ile herufi mbovu hawajaigusa, iko palepale. Wamevunja mahali, ripresa ikapungua kwenye damu peke yake, gama ikaamka. Nikisikia mtu anasema udhibiti wa jeni ni mada kavu namtajia hiyo.

Jamaa wa mawazo sasa. Robo yake ni kweli, na ndo maana anauzika. Ukiwa na hofu homoni ya kortisoli inapanda, inapenya ndani ya seli, kule inakuta protini inayoisubiri nje ya kiini, zikishikana zinaingia kwenye kiini na kukaa kwenye DNA, na mamia ya jeni yanabadilika. Dawa ya deksamethasoni inapita mlango huohuo, na kwa sehemu kubwa ndo maana inachukua masaa kuonyesha kazi yake, kopi lazima zitoke, protini zitengenezwe. Kwa hiyo hali ya akili kugusa jeni, ndiyo, hiyo ipo. Lakini angalia kinachotokea zaidi: kortisoli ileile kwenye ini inaongeza vimeng'enya vya kutengeneza glukosi, kwenye aina fulani za chembe nyeupe inawasha njia ya kujiua, kwa sababu kila seli ilishafunua mahali tofauti kabla kortisoli haijafika. Huchagui jeni gani. Huchagui seli gani. Mtu akikuambia anaziamuru, muulize ameiamuru ipi na imekaa kromosomu namba ngapi. Hizo robo tatu anawapanga.

Bado swali la milele. Inategemea jeni na inategemea imezimwa kwa nini. Foleni ya laktosi inazimika na kuwaka ndani ya dakika. Upande wa pili kuna kuzimwa kunakorithiwa kutoka seli hadi seli, mfano alama ndogo za kemikali ziitwazo methili zinazobandikwa kwenye herufi C iliyofuatwa na G, DNA ikijinakili kuna kimeng'enya kinapita nyuma kinaweka alama ileile kwenye uzi mpya. Lakini hata hiyo sio kaburi. John Gurdon mwaka 1962 alitoa kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi akakiweka kwenye yai lililotolewa kiini, akapata chura. Shinya Yamanaka 2006 akafanya bila yai, protini nne tu kwenye seli za ngozi ya panya, zikarudi kuwa seli za mwanzo, Nobeli wakagawana 2012.

Ila uelewe vizuri, sio wakati wote inarudi. Paka wenye madoa meusi na ya chungwa karibu wote ni majike, na sababu ni kwamba jeni ya chungwa iko kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, na mapema kabisa tumboni kila seli inazima moja bila kuchagua, kama Mary Lyon alivyopendekeza 1961, halafu watoto wa seli hiyo wote wanafuata. Doa moja la chungwa ni ukoo mmoja wa seli. Sasa Desemba 2001 kule Texas alizaliwa paka wa kwanza aliyetengenezwa kwa kunakili, wakamwita CC, kopi ya paka wa madoa ya rangi tatu aitwaye Rainbow. DNA ileile ya Rainbow. Akatoka ana kijivu na nyeupe, chungwa hamna. Maelezo yanayokubalika ni kwamba seli moja waliyoichukua kwa Rainbow ilikuwa imeshaizima ile X yenye chungwa, na kwenye yai jipya haikufunguka.